Sekunde Kumi na Nne za Bi Tatu

Mkuu wa chuo aliniomba niandike ukurasa mmoja wa maelekezo kwa wote watakaokalia kiti nilichokiacha. Nimejaribu mara tatu, na mara zote nimevuka ukurasa. Kwa miaka ishirini na ushei nimewakemea vijana kwa kuzidisha muda. Leo ni zamu yenu kunikemea.

Kazi yangu ilikuwa kutunza muda wa taarifa ya habari ya wanafunzi. Kila Ijumaa saa kumi na nusu alasiri, kituo kimoja kidogo cha televisheni hapa mjini kilitupa dakika kumi na tatu, nasi tuliruka hewani moja kwa moja kutoka ghorofa ya tatu ya chuo chetu, hatua chache tu kutoka Mtaa wa Msimbazi, Kariakoo. Wanafunzi ndio waliotafuta habari, wakapiga picha, wakasoma. Mimi nilikaa chumba cha kuongozea, mbele ya vioo vinavyoonyesha picha za kamera, nikihakikisha kwamba dakika kumi na tatu zinakwisha zikiwa dakika kumi na tatu. Zikitimia, kompyuta ya kituo huingiza tangazo la biashara yenyewe. Haimwulizi mtu. Kama bado unasema, shauri yako.

Sikusomea kazi hii. Nilitoka Songea nikiwa mpiga chapa, na chuo kiliniajiri nichape mitihani. Aliyenitoa kwenye chapa ni Mzee Kitwana, mtu wa mtaa wa Gerezani kwa kuzaliwa, fundi wa redio aliyestaafu na kuja kuwafundisha vijana mitambo. Ijumaa moja mtunza muda wake aliugua. Mzee akaingia ofisini kwangu, akanitazama ninavyochapa bila kuangalia vidole.

"Binti, unajua kuhesabu kurudi nyuma?"

"Kutoka ngapi, Mzee?"

"Kutoka popote nitakapokutajia. Njoo."

Siku hiyo ya kwanza nilihesabu vizuri sana, kwa sauti, kwenye maiki iliyokuwa wazi. Watazamaji wote walinisikia nikisema "thelathini, ishirini na tisa, ishirini na nane" wakati msomaji anaeleza habari za mvua. Mwisho ukatukuta msomaji yuko katikati ya jina la chuo. Kompyuta ikatukata, likaingia tangazo la sabuni. Mzee Kitwana hakunigombeza. Alisema tu, "Ijumaa ijayo uje tena, ila maiki tutaizima."

Yeye ndiye aliyenifundisha mambo ambayo bado nayaona ya kweli. La kwanza, usiamini kikokotoo. Kila mwaka anatokea mwanafunzi hodari anayejumlisha dakika moja na nukta thelathini na dakika moja na nukta arobaini na tano, akapata mbili na nukta sabini na tano, akaandika hivyo hivyo, akashangaa kwa nini taarifa imezidi. Dakika ina sekunde sitini. Inachekesha mpaka siku itakapokuwa wewe.

La pili, usihesabu maneno ya kwenye karatasi. Wapo wanaofundisha kwamba maneno kadhaa ni dakika moja. Labda kwa lugha nyingine. Kiswahili kina "na" na kina "hawakuwasilishiwa", na yote mawili ni neno moja. Soma kwa mdomo, kwa sauti, ukiwa na saa mkononi. Karatasi haivuti pumzi, Mzee alikuwa akisema, msomaji anavuta.

La tatu, ijue mitaa yako. Studio yetu ilizibwa kwa magodoro ya sponji yaliyopigwa misumari ukutani, lakini Kariakoo haizibiki. Adhana ya alasiri tuliipisha, mazoezi yakasimama, tukaendelea baadaye. Vipaza sauti vya wauza nguo havina saa. Baraka, msomaji mmoja mwenye sauti nzuri kuliko wote niliowahi kuwapata, alisikia muuzaji chini ya dirisha akinadi nguo za shilingi mia tano mpaka wito ukamwingia, akasema hewani kwamba mkutano ulihudhuriwa na wajumbe jero jero. Tulicheka wiki nzima. Yeye alicheka wiki iliyofuata.

Mzee Kitwana alipoondoka chuoni, kiti kikawa changu. Nikawa mkali. Nilikuwa na ishara za vidole: vitano, vitatu, kisha ngumi, na ngumi maana yake nyamaza kwa heshima. Ilipita miaka taarifa haijakatwa hata mara moja. Kituo kikatusifu kwa simu. Mimi nikavimba kichwa. Nawaambia haya ili mwelewe yaliyotokea na Bi Tatu, kwa sababu hayakutokea kwa uzembe. Yalitokea siku ambayo kwa saa yangu kila kitu kilikwenda sawasawa.

Bi Tatu alikuwa muuza viungo kwenye kichochoro kinachotokea Mtaa wa Tandamti. Mama wa makamo, iliki na mdalasini kwenye vibakuli vya plastiki, na msemaji wa wenzake wote wa safu ile. Wakati huo kulikuwa na mjadala mkali pale: waendelee kupanga bidhaa katikati ya njia, au waiache wazi ili gari la zimamoto liweze kupita ikitokea dharura. Mwanafunzi wangu Hadija alikwenda kuwahoji. Hadija alikuwa binti wa mwaka wa pili, mdogo wa umbo, mbishi, na mbishi wa aina ile inayochosha kwa sababu mara nyingi ana haki.

Kwenye picha alizorudi nazo, Bi Tatu anasema hivi: "Mimi naunga mkono tuache njia wazi. Tuondoke hapa katikati." Anapumua. Kisha anaendelea: "Lakini kwanza tuonyeshwe pa kwenda, na tusiondolewe mmoja mmoja. Tukiondoka, tunaondoka safu nzima. Bila hivyo, mimi mwenyewe ndiye wa kwanza kukaa."

Ijumaa ile Baraka alisoma taratibu kuliko mazoezini. Tulipofika kwenye habari ya Hadija tulikuwa nyuma kwa sekunde kumi na nne. Hadija alikuwa amesimama nyuma ya kiti changu. Bi Tatu akasema "tuondoke hapa katikati", akapumua. Nikamwambia mwanafunzi aliyekuwa kwenye mashine, "Toka."

Akaitoa picha ya Bi Tatu. Picha ikarudi kwa Baraka.

"Mwalimu, hajamaliza," Hadija akasema.

"Sentensi imeisha."

"Sentensi imeisha, yeye hajamaliza."

"Hadija, kaa."

Akakaa. Tukafunga kwenye sekunde yenyewe, jina la chuo likasikika lote, muziki ukalia, tangazo likaingia. Wanafunzi wakapiga makofi. Nilishuka ngazi siku hiyo nikijisikia fundi.

Jumatatu asubuhi Hadija alikuja ofisini kwangu. Hakuketi.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Mbona hivyo?"

"Wamemtoa Bi Tatu."

Akaniambia yote kwa mkupuo. Kuna mtu aliyeirekodi taarifa kwa simu akitazama televisheni, akairusha kwenye makundi ya WhatsApp ya wafanyabiashara. Kilichosikika ni Bi Tatu akisema waondoke, basi. Wenzake wakasema amehongwa. Jumamosi alipofika alikuta sehemu yake imepangwa mabegi ya mtu mwingine, na vibakuli vyake viko ukutani juu ya boksi. Walimvua na usemaji papo hapo. Aliyemvua ni mwanamke aliyekuwa akimwachia mjukuu wake amshikie kila siku anapokwenda kuswali.

Nilitazama saa ya ukutani, mazoea tu.

"Yuko pale sasa hivi?"

"Yuko. Anauzia ukutani."

"Nipeleke."

Tulikwenda kwa miguu. Njia nzima nilikuwa natunga maneno: muda wa hewani ni mgumu, masharti ya kituo, hatukukusudia. Yote yalikuwa kweli. Tulipofika nikamwona mama wa watu amekaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, mgongo kwenye ukuta wenye maji, wateja wanapita bila kumwona kwa sababu hayuko pale walipomzoea. Niliyoyatunga yote nikayaacha.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba." Akamtazama Hadija, akanirudia mimi. "Wewe ndiye mwenye mkasi?"

"Ndiye mimi. Naitwa Asumta. Nimekuja kukuomba radhi. Huyu binti alikataa usikatwe, nikamnyamazisha."

Alifunika kibakuli cha pilipili manga, taratibu, kama mtu anayefunga duka.

"Mlikuwa na haraka ya nini?"

"Muda ulikuwa umetuishia."

"Kiasi gani?"

Niliona aibu kuitaja. "Sekunde kumi na nne."

Hakucheka wala hakufoka. Alirudia tu, "Kumi na nne," kama mtu anayepewa bei asiyoielewa. Kisha akasema: "Mama, mimi usiniombe radhi. Mimi najua nilichosema. Kawaombe hao walionisikia nusu. Na uwaombe pale pale walipotazama, siyo uje kunong'ona hapa ukutani."

Nikarudi chuoni moja kwa moja mpaka kwa mkuu. Namshukuru aliniruhusu kuandika haya. Siku ile hakupendezwa.

"Tukikiri kosa hewani, kituo kitasema hatufai. Watatunyang'anya zile dakika. Wanafunzi watafanyia wapi mazoezi?"

"Na tusipokiri?"

"Nani atajua?"

"Kichochoro kizima, mkuu. Na Hadija."

Alizungushazungusha kalamu yake. Alikuwa tayari kutoa sekunde kumi za marekebisho mwishoni, baada ya michezo, yaandikwe tu chini kwenye kioo. Nikamwambia kosa lilifanyika kwenye habari ya pili, na radhi iwe kwenye habari ya pili, kwa mdomo, na maneno ya Bi Tatu yarushwe yote. Tulivutana hadi chai ikapoa. Mwishowe akasema, "Basi soma wewe. Sitaki mwanafunzi abebe jambo hilo usoni kwake."

Alikuwa na haki. Ila sikuwa nimewahi kukaa mbele ya kamera hata siku moja. Na nikikaa studio, nani atatunza muda?

Nikampa Hadija kiti changu.

Wiki hiyo niliandika maelezo yangu mara nyingi kuliko mtihani wowote niliowahi kuuchapa. Mazoezini nilisoma kwa sekunde ishirini na mbili, kila mara ishirini na mbili. Ijumaa nikavaa kitenge changu kizuri, nikaketi karibu na Baraka. Alininong'oneza, "Mwalimu, tazama kamera, usitazame vidole." Mimi huyo, naambiwa nisitazame vidole.

Taa ikawaka. Nikasema jina langu na kazi yangu. Nikasema kwamba Ijumaa iliyopita nilikata maneno ya mfanyabiashara aitwaye Bi Tatu kabla hajamaliza, na kwamba nilichokiacha kiligeuza alichokisema. Nikasema aliyekata ni mimi, si mwandishi. Hapo nikakwama. Sijui kwa nini hapo. Nikanyamaza, na ukimya wa studio ni mrefu kuliko ukimya wa nyumbani. Nilipomaliza, nilijua bila saa yoyote kwamba nimezidi sana.

Bi Tatu akaingia kwenye kioo akasema maneno yake, yote, mpaka "mimi mwenyewe ndiye wa kwanza kukaa". Hakukatwa. Kupitia kwenye kifaa cha sikioni cha Baraka nilisikia kwa mbali sauti ya Hadija ikiwa tulivu kabisa: "Hali ya hewa tunaiacha. Michezo nusu. Baraka, usikimbie."

Hata hivyo tukazidi. Baraka alikuwa anasema "kwa niaba ya" tangazo la sabuni likaingia. Baada ya dakika tano simu ya kituo ikalia, mtu akauliza kwa ukali nani alikuwa anatunza muda leo.

"Mimi," Hadija akajibu. Akasikiliza. Akasema, "Ndiyo, sekunde saba. Naelewa. Haitajirudia." Akakata simu, akakaa chini.

Dakika zetu hawakutunyang'anya. Walituandikia barua yenye maneno makavu, ikafika baada ya wiki mbili, nikaitia kwenye jalada. Bado imo.

Mngependa niseme kwamba kichochoro kilimpokea Bi Tatu kwa vigelegele. Haikuwa hivyo. Baadhi waliiona taarifa, wengine walionyeshwa kwenye simu na Hadija mwenyewe, aliyezunguka safu nzima Jumamosi ile akiwa na simu mkononi. Mwenye mabegi alisogea, akamwachia nusu ya sehemu, na nusu ile ilibaki nusu. Yule mwanamke wa mjukuu alirudi kumwomba amshikie mtoto, bila kusema neno juu ya yaliyopita. Usemaji hakurudishiwa. Nilipomwambia hilo linaniuma, alinijibu akiendelea kupima mdalasini: "Waliokwisha kuamini, wameamini. Wewe umefanya lako. Nunua iliki basi, au umekuja kulia tu?"

Nikanunua. Nilikuwa mteja wake tangu siku hiyo, na sikuwahi kupunguziwa bei.

Kazini nilibadilisha jambo moja, nalo ndilo ninalowaachia kama maelekezo yale niliyoombwa. Kabla ya kuruka hewani, chukueni maneno ya kila mtu aliyehojiwa, yaandikeni, myasome kwa penseli nyekundu. Tafuteni "lakini". Tafuteni "ila", "isipokuwa", "kama", "mpaka". Pigeni mstari kutoka mwanzo wa wazo hadi baada ya neno hilo na yanayolifuata. Hapo pasikatwe. Mkiona muda hautoshi, toeni mtu mzima, asiingie kabisa, kuliko kumwingiza nusu. Na wekeni mwishoni mwa taarifa kitu kinachoweza kuondoka bila kumdhuru mtu: hali ya hewa ya mji ambayo kila mtu anaiona kwa dirisha, salamu, picha za mandhari. Sisi tulikiita akiba. Mtunza muda asiye na akiba ataishia kukata watu.

Wapo wenzangu walioniona nimelegea. Tangu siku ile, taarifa yetu imekatwa na tangazo mara kadhaa, na ngumi yangu ilipungua kutumika. Sikubishana nao.

Hadija alihitimu, akafanya kazi kwenye vituo viwili, akarudi kufundisha. Nilipokaribia kustaafu aliombwa ashike kiti changu, akakubali baada ya kubishana kuhusu kila kitu kilichomo chumbani, pamoja na mahali pa kuweka feni.

Ijumaa yangu ya mwisho mkuu wa chuo aliandaa mambo. Kulikuwa na keki chumba cha walimu. Na kwenye taarifa, mwishoni, zilipangwa sekunde ishirini za salamu za kuniaga: picha yangu, majina ya wanafunzi wa zamani, maneno mazuri yaliyoandikwa na mkuu kwa mkono wake. Ndugu zangu Songea niliwaambia, wakatafuta namna ya kutazama kwa simu. Dada yangu aliwaita na majirani.

Mimi nilikaa pembeni kwenye chumba cha kuongozea, mikono juu ya mapaja, nikiwa mgeni. Habari ya tatu ilikuwa ya feri ya Magogoni. Mwanafunzi alikuwa amemhoji mzee anayevusha samaki kila siku kwenda Kigamboni, na mzee yule alizungumza polepole mno, akisimama kila baada ya maneno mawili, kama anayeyaokota chini. Mazoezini waliipima vibaya. Mtu alikuwa amesahau kwamba dakika ina sekunde sitini. Niliona namba nyekundu kwenye kioo. Nikajua tuko nyuma, na kwa kiasi gani, kabla Hadija hajasema. Neno likanifika mdomoni. Nikalimeza, siyo kiti changu tena.

Mwanafunzi wa mashine alimgeukia Hadija. "Nimtoe, Mwalimu?"

"Mwache."

"Tutazidi."

"Mwache amalize. Ondoa salamu."

Mwanafunzi akanitazama mimi, macho yamemtoka. Hadija hakunitazama. Alikuwa ameinamia karatasi yake, penseli mkononi, anahesabu. Mzee wa samaki alisimama tena, tukamsubiri sote, kisha akasema alichokuwa anakitafuta, kwa maneno manne tu, na yalikuwa ndiyo habari yenyewe.

Taarifa ikafungwa ikiwa imebaki sekunde moja. Picha yangu haikuonekana. Simu yangu ikaanza kutetemeka mfukoni. Dada yangu, bila shaka, mbele ya majirani.

Hadija aliweka penseli chini, akageuka. Uso ulikuwa umemshuka. "Mwalimu, salamu zako—"

"Nimeona," nikamwambia. "Twende tukale keki kabla wanafunzi hawajaimaliza."

Alinishika mkono tukitoka. Korido ilikuwa na watu, na mkuu wa chuo alikuwa anakuja kwetu kwa haraka, amekunja uso, karatasi ya maneno yake mazuri bado iko mkononi. Nikamwomba anisomee palepale. Akasoma yote, taratibu, wala hakuna aliyetazama saa.